Sakafu ya Shaibu: shajara ya kizimba cha mjusi ndevu

Siku ya 1

Kizimba kimesimama. Urefu sentimita 120, kina 60, kimo 60. Plaiwudi pande tatu, vioo viwili vya kuteleza mbele. Taa ya joto nimeifunga kulia. Mrija wa UVB, taa ya miale ya urujuanimno inayomsaidia mjusi kutumia kalsiamu, umeanzia hapohapo kulia ukaishia katikati ya kizimba, ili upande wa kushoto ubaki na ubaridi na kivuli. Imebaki sakafu tu, na kwenye karatasi yangu ya kazi nimeiandikia dakika 5.

Mwenye nyumba yuko kwenye sanduku la muda: mjusi ndevu, Pogona vitticeps, gramu 380, umri wa mwaka mmoja na nusu kwa maneno ya aliyeniuzia. Binti wa dada yangu alimwangalia mara moja tu, akaona ile miiba ya kidevuni na macho yaliyochoka na dunia, akasema, "Mjomba, huyu ni shaibu." Jina likashika.

Muuzaji alinifungia na mfuko wa mchanga wa kalsiamu, bure. Mweupe kama chumvi. Maandishi ya mfukoni yanasema mjusi akiumeza hapana neno, unayeyuka tumboni na kumwongezea madini. Hapo ndipo nilipoanza kusita. Kama ni chakula, unafanya nini sakafuni? Na kama ni sakafu, kwa nini unajitetea kwamba unalika?

Siku ya 2

Nimeweka vijiko vitatu vya ule mchanga kwenye kikombe nikamimina siki. Ukachemka povu hadi ukingoni. Kwa hiyo kweli ni kalsiamu kaboneti, chokaa ya kawaida. Mchanga wa kwartzi ungekaa kimya. Sasa hilo ndilo tatizo lenyewe. Siki inachemka kwa sababu chokaa inaila asidi yake. Tumbo la mjusi nalo hutegemea asidi kumeng'enya chakula. Ukilijaza chokaa umeizima asidi kabla haijafanya kazi.

Kikombe cha pili nililowesha kwa maji tu, nikakiacha juu ya kabati lenye joto usiku kucha. Asubuhi nimekipindua: limetoka donge la umbo la kikombe, gumu, likagonga meza kama jiwe. Mfuko nimeufunga. Utatumika kupimia mizani.

Siku ya 4

Tumetoka kwa daktari wa wanyama. Nilipeleka kinyesi kilichotoka asubuhi ileile, ndani ya kikopo safi. Chini ya hadubini ameona koksidia, vimelea vya utumbo ambavyo mijusi hawa huvibeba mara nyingi, na vikizidi huleta kuharisha na kukonda. Ameandika dawa. Halafu akauliza, "Sakafuni umeweka nini?"

Nikamwambia bado nachagua.

"Usichague. Weka karatasi. Badilisha kila siku, na kila akinya."

Akanieleza sababu, na ni sababu nzuri. Mayai ya koksidia hutoka na kinyesi, yakikaa yanakomaa, mjusi akilamba yanarudi ndani. Dawa inaua huku, sakafu inapanda upya kule. Dawa nyingi za kusafishia haziyagusi mayai hayo; mvuke wa moto ndio unaoyaweza. Kwa hiyo mchanga, udongo, maranda ya mbao, vyote vingekuwa shamba la vimelea. Karatasi unaikunja na kuitupa.

Nawa mikono, akaongeza, hata akiwa mzima. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua wao wenyewe.

Siku ya 5 hadi ya 33

Karatasi za jikoni, tabaka mbili. Hakuna la kusimulia kuhusu uzuri wake. Shaibu akikimbia anateleza, na nyenje wakijificha chini ya karatasi anaifukua yote na kuikunja pembeni kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya mkeka.

Lakini karatasi husema. Naona kila kinyesi kilivyo: kahawia na imara, na kile kipande cheupe cha mkojo pembeni. Siku ya 12 kile cheupe kilikuwa kigumu na cha rangi ya chungwa, dalili kwamba anapungukiwa maji. Nikaanza kumdondoshea maji puani kila asubuhi, anayalamba, na majani yake nayaosha bila kuyakausha. Baada ya wiki kikarudi kuwa cheupe na laini. Juu ya mchanga nisingekiona hata kidogo.

Siku ya 20

Jioni nimekaa na orodha ya vitu ambavyo watu huviweka chini ya mijusi hawa. Vingine nimevikata kwa sekunde moja. Maganda ya njugu yaliyosagwa: nimeyaona chini ya kioo cha kukuzia, kila chembe ina ncha. Maranda ya mwerezi na msonobari yana mafuta yenye harufu kali yanayowasha mapafu, na vipande vyenyewe ni vikubwa vya kutosha kukwama. Mabunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa hunyonya unyevu na kuota ukungu. Mchanga wa choo cha paka, ule wa udongo, ni vumbi tupu na ukilowa unavimba. Karatasi ya msasa, ambayo kuna mtu aliisifu kwa kunoa kucha, inakwangua tumbo pia. Mjusi huyu mara nyingi hutembea akiburuta tumbo.

Kilichonisumbua ni zulia la reptilia. Linauzwa kila mahali, linaonekana la kistaarabu, na nilikuwa nimeshapima ukubwa wake. Kisha nikalipitisha kidoleni: vitanzi vidogo vya uzi, maelfu. Kucha ya mjusi ndevu ni nyembamba na imepinda kama ndoana. Ikinasa na yeye akavuta kwa hofu, inang'oka kucha au kidole chenyewe. Na uchafu unaoingia katikati ya nyuzi hautoki kwa kufutwa.

Siku ya 36

Vipimo viwili mfululizo havina koksidia. Kizimba nimekipiga mvuke kona zote. Nimeamua: vigae vya sakafu, vile visivyong'aa, vyenye uso wa kukwaruza kidogo. Havimezeki, havinyonyi, vinafutika. Nikajiambia suala limekwisha, na nikajipa alama za juu.

Siku ya 41

Vigae 8 vya sentimita 30 kwa 30, vinne kwa urefu na safu mbili. Vimekaa bila kukatwa hata kimoja, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika kazi yoyote. Sikuvigandisha. Ninataka kuweza kuving'oa.

Kipimajoto cha miale kinasoma nyuzi 41 chini ya taa na 24 kwenye kona ya kushoto. Kigae kinashika joto vizuri: nimezima taa, baada ya nusu saa bado kina 33. Shaibu alilala juu yake kifudifudi, miguu ya nyuma ameinyoosha, macho nusu.

Kasoro ya kwanza imeonekana kabla ya magharibi. Nyenje wawili wameingia kwenye ufa kati ya vigae na ukuta, usiku wakaimba. Nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala, kwa hiyo sikuwaacha. Nimeng'oa vigae vitano kuwatafuta saa nne za usiku.

Siku ya 49

Nyufa nimezijaza silikoni isiyo na dawa ya ukungu, nikaacha milango wazi siku mbili hadi harufu ikaisha. Chakula sasa kinaingia kwenye bakuli lenye kuta laini ambazo mende hawapandi. Shaibu gramu 402. Sakafu inafutwa kwa dakika 2. Sina la kuandika, na kwa shajara ya ujenzi hiyo ni habari njema.

Siku ya 58

Anakwangua.

Alianza jana mchana kwenye kona ya kushoto nyuma: mkono wa kulia mara nne, wa kushoto mara nne, anapumzika, anarudia. Kucha juu ya kigae, kwarakwara, sauti inafika hadi chumba cha pili. Nilidhani anaiona sura yake kwenye kioo, nikaziba kioo kwa karatasi. Anaendelea. Nilidhani ni joto. Nyuzi ni zilezile. Leo amekula mende mmoja tu na majani hakuyagusa, lakini mizani inasema gramu 421.

Asiyekula anaongezekaje uzito? Nimelala na swali hilo.

Siku ya 60

Bado anakwangua. Kucha mbili za mbele zimechakaa hadi karibu na nyama. Kwa mara ya kwanza nimekitazama kile kigae kama yeye anavyokitazama.

Siku ya 61

Daktari amemweka kiganjani, akampapasa ubavuni kwa vidole viwili, akanyamaza. Akaniomba nipapase na mimi. Chini ya ngozi kulikuwa na viduara kama zabibu, vingi, vimepangana pande zote mbili. Kisha akauinua mkia taratibu, akamulika tochi chini yake. Dume huonyesha vivimbe viwili sambamba kwenye shina la mkia, na katikati yake bonde. Hapa hapakuwa na bonde.

"Shaibu wako ni bibi," akasema. "Na bibi ana mayai."

Nikasema hajawahi kukutana na dume tangu aingie kwangu. Akasema kuku naye hamngoji jogoo. Jike aliyekomaa hutaga hata peke yake. Mayai ya namna hiyo hayana kitu ndani, lakini lazima yatoke. Na jike wa aina hii hatagi popote. Anatafuta udongo unaochimbika, wenye unyevu kiasi, wa kina cha kumfunika. Akikosa huendelea kutafuta, na akizidi kukosa anaweza kuyazuia mayai ndani hadi yakwame. Hapo ni upasuaji, au ni kifo.

Sakafu niliyoichagua kwa kuwa haina hatari hata moja ndiyo iliyokuwa ikimfungia mlango. Njiani kurudi sikuwasha redio.

Siku ya 61, usiku

Sanduku la plastiki, urefu 60, upana 40, kimo 35. Kwa haraka sikuwa na nafasi ya ufundi: nusu mchanga wa kujengea niliouosha mpaka maji yakatoka meupe, nusu udongo wa juu usiotiwa mbolea wala yale mawe meupe mepesi ya kwenye vyungu vya maua. Nikachanganya kwa maji mpaka konzi moja ikibanwa inashikamana bila kuchuruzika. Kina sentimita 25. Nikashindilia kwa ngumi, nikachimba kishimo cha kuanzia chenye mwelekeo wa mteremko, kwa sababu daktari alisema wengi huhitaji kuonyeshwa mlango. Pango halikuporomoka nilipotoa mkono. Hicho ndicho kipimo pekee nilichokuwa nacho.

Taa ndogo juu ya sanduku, udongo ukafika nyuzi 27. Nikamweka. Nikafunika upande mmoja kwa kitambaa na kutoka chumbani, maana akitazamwa anaacha.

Siku ya 63

Jana alichimba kuanzia asubuhi. Saa tano niliona mkia tu. Saa nane kichwa kilikuwa kimegeukia nje, mwili wote ndani ya shimo, macho yamefumba. Saa kumi alikuwa anafukia, na afukiapo hutumia pua: anasukuma udongo, anaushindilia kwa kichwa, anasukuma tena. Alipomaliza hapakuonekana alama yoyote.

Nimefukua leo. Mayai 19, meupe, laini kama ngozi, machache tayari yanabonyea na kuwa ya njano. Shaibu ana gramu 354 na ngozi ya ubavuni imelegea kama nguo ya kuazima. Amekunywa maji kwa dakika nzima bila kuinua kichwa. Mende 6 waliopakwa unga wa kalsiamu, na kama angekuwa na sauti angeomba wa saba. Nimempa.

Binti wa dada yangu amekataa kubadilisha jina. "Shaibu ni Shaibu tu, Mjomba."

Siku ya 66

Vigae vinatoka. Sasa nafikiri upya, safari hii nikianzia kwao badala ya dukani.

Kwao ni bara la ndani la Australia mashariki: Queensland, New South Wales, kaskazini-magharibi ya Victoria, hadi Australia Kusini. Australia hairuhusu biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini nje ya nchi, kwa hiyo hawa tulio nao ni vizazi vilivyozaliwa vizimbani. Ila kucha na tabia hazijabadilika. Mtu akisikia jangwa anafikiria vilima vya mchanga laini unaotiririka. Ardhi ya huko sehemu nyingi ni nyekundu, mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, jua limeichoma ikawa ngumu kama sakafu ya kutwangia, na juu yake mawe, magogo na vichaka. Mjusi ndevu hushinda juu ya gogo au nguzo ya ua, na jua likizidi huteremka na kuchimba shimo. Mchanga unaotiririka haukai shimo. Kigae hakichimbiki kabisa. Nilikuwa nimezunguka pande zote mbili za jibu bila kuligusa.

Inabaki ile hofu kubwa, kuziba utumbo. Nilipomuuliza daktari hakuanza na mchanga. Alianza na joto. Mjusi hana moto wake wa ndani. Tumbo lake hufanya kazi kwa nyuzi anazozipata juu ya jiwe, na mahali pa kuota pakiwa nyuzi 32 badala ya 40 na kitu, chakula kinalala ndani. Halafu maji: utumbo mkavu hausukumi. Halafu kalsiamu na UVB, kwa sababu misuli ya utumbo nayo huhitaji kalsiamu ili ijikunje, na mjusi mwenye mifupa laini mara nyingi ana choo kigumu vilevile. Halafu minyoo na vimelea. Halafu mdudu mkubwa mno kwa koo lake. Mwenye mapungufu hayo, chembe chache za mchanga humtosha kuziba. Mzima humeza chembe hizohizo akilamba ardhi, maana hulamba kila kitu ili kunusa, na huzitoa.

Hilo halisafishi jina la mchanga wa chokaa wala maganda ya njugu. Ila ningekuwa na kitoto cha wiki sita kinachorukia kila kinachong'aa, ningekaa kwenye karatasi bila aibu.

Siku ya 70

Udongo nilionao unatosha? Nimejaza mtungi wa kioo theluthi moja udongo, maji juu, tone la sabuni, nikautikisa dakika 5 na kuuweka dirishani. Mchanga ulishuka ndani ya dakika moja. Yale matope laini yalichukua saa kadhaa. Mfinyanzi bado unaelea asubuhi ya pili, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kwa rula: mchanga karibu nusu, matope theluthi, mfinyanzi kilichobaki.

Nimefanya mikate midogo minne, mchanga ukiongezeka kila mmoja, nikaikausha chini ya taa siku nzima na kuiangusha kutoka usawa wa kiuno. Udongo mtupu ulipasuka nyufa ukikauka. Mchanga 30 kwa udongo 70: ulipasuka vipande viwili ulipoanguka. Mchanga 40 kwa udongo 60: ulimeguka kona tu. Mchanga 60: ulikuwa unga kabla haujafika chini. Nachukua 40 kwa 60. Mwingine mwenye udongo wa mfinyanzi zaidi atahitaji mchanga zaidi. Uwiano unaosomwa mahali haujui udongo wako.

Siku ya 73

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya 1.

Nataka sentimita 8 sehemu kubwa na kona ya kushoto nyuma sentimita 22, ya kuchimbia. Sakafu nzima kwa 8: 120 mara 60 mara 8, lita 57 na nusu. Kona, 40 kwa 40, nyongeza ya sentimita 14: lita 22 na kidogo. Jumla lita 80. Lita moja ya mchanganyiko mkavu nimeipima: kilo 1.5. Kilo 120!

Meza yangu ilijengwa kubeba vioo na mjusi. Kizimba kinashuka chini, juu ya vibao viwili vinene, sakafu ya plaiwudi inaongezewa mihimili minne. Ndani napaka silikoni kila kiungo na rangi isiyopitisha maji tabaka tatu, kwa kuwa udongo wenye unyevu na mbao hawajawahi kupatana. Mbele, chini ya reli ya vioo, ubao wa kuzuia umepanda hadi sentimita 12.

Siku ya 79

Mawe kwanza, udongo baadaye. Jiwe la kuotea lina kilo 9. Likikaa juu ya udongo, siku akichimba chini yake litamlalia. Kwa hiyo limekaa juu ya plaiwudi yenyewe, nalo gogo limefungwa kwa skrubu kutoka chini. Udongo umemwagwa kuyazunguka, tabaka la sentimita 3 kila mara, unyevu wa konzi, nimeshindilia kwa kipande cha mbao. Mgongo unajua.

Kigae kimoja cha zamani kimerudi, mbele katikati, cha kuwekea majani. Hakikustahili kufukuzwa kabisa.

Siku ya 88

Umekauka. Taa zilikuwa zinawaka kutwa, vioo wazi kidogo. Unyevu ndani ulikuwa asilimia 70 wiki ya kwanza, leo 38. Juu pagumu, nikigonga kwa kidole panalia. Nimepita na tochi kwenye giza nikipiga sakafu kwa kiganja: vumbi kidogo, linatua mara moja. Kona ya kuchimbia ni kavu juu na baridi yenye unyevu chini, kama nilivyotaka, na hapo tu ndipo nitakuwa naongeza maji, kwa kuyamimina kwenye bomba fupi lililofika chini badala ya kunyunyizia juu.

Siku ya 89

Nilitaka kumwingiza leo. Nimepima kwanza, na nashukuru. Juu ya jiwe nyuzi 49. Sikugusa taa, ni mahali pa kuota palipopanda: zamani aliota juu ya kigae, sasa ni juu ya jiwe, karibu zaidi na taa. Mrija wa UVB nao umekuwa karibu vilevile, na kipimo cha UV pale kichwa kitakapokuwa kinasoma 7 na nusu wakati kwa mjusi huyu natafuta kati ya 4 na 6. Hivi ndivyo mtu anavyomuunguza mnyama kwa kumbadilishia tandiko.

Nimefunga taa ya joto kwenye kidhibiti cha mwanga, nikaupandisha mrija hadi darini kabisa. Saa mbili baadaye: nyuzi 41, UV 5.

Siku ya 91

Yumo. Alisimama kwenye kigae kama kwenye kisiwa, akalamba udongo mara tatu, akafikiri, akalamba tena. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikihesabu kila anapolamba kama mwendawazimu. Kisha akatembea. Hatelezi. Miguu inakanyaga imepanuka, tumbo limeinuka, mkia umepinda juu. Sijawahi kumwona akitembea hivyo kwenye karatasi wala kwenye kigae. Akapanda jiwe, akaota dakika 40, akashuka moja kwa moja hadi kona ya kushoto nyuma kama aliyeelekezwa.

Siku ya 96

Siku 5 bila choo. Wakati wa vigae ilikuwa kila baada ya siku 2. Nimempapasa tumbo: laini, miguu si mizito, anakula, anakimbia. Vilevile nimelala vibaya. Asubuhi nimemweka kwenye maji ya uvuguvugu yaliyofika mabegani, dakika 15.

Alasiri ametoa, kinyesi kikubwa, imara. Nimekivunja kwa kijiti juu ya karatasi nyeupe nikiwa na kioo cha kukuzia, kazi ambayo nyumbani hakuna aliyetaka kunisaidia. Kulikuwa na chembe za mchanga, kama kijiko cha chai kingegawanywa mara kumi. Zimetawanyika, hazijashikana. Nimekipeleka kingine kwa daktari: hakuna koksidia.

Tangu leo naandika tarehe za choo ukutani, kwa kuwa sakafu hainisemeshi tena kama karatasi ilivyokuwa. Kinyesi nakitoa na udongo unaokizunguka kwa kijiko, na pengo nalijaza kutoka kwenye ndoo ya akiba.

Siku ya 104

Amechimba pango la kweli, si la mayai. Linaingia chini ya gogo kwa mteremko wa mkono mmoja na analala humo kila usiku. Taa zikizimika naona pua tu. Kucha zimerudi urefu wake na ncha zimelingana. Nyenje aliyetoroka naye amepata makao. Anaimba. Nimemwachia bakuli la karoti mbali na pango ili asimtafute Shaibu, na kesho nitaanza kumvizia.

Siku ya 112

Hajala tangu juzi. Gramu 408. Nimepapasa ubavu: zabibu.

Safari hii sikukimbilia sanduku. Nimemimina lita moja ya maji kwenye bomba la kona, nikasubiri, nikabana konzi moja ya udongo wa chini; imeshika. Nimening'iniza kitambaa mbele ya kioo cha kushoto.

Siku ya 114

Mayai 16, kwenye kona, sentimita 20 chini. Alianza saa tatu, saa tisa alikuwa anafukia kwa pua. Gramu 357, maji, mende 7. Mayai nimeyatoa, shimo nimelijaza, nimelishindilia kwa ngumi mpaka likawa sawa na kwingine.

Asubuhi nimelikuta limefukuliwa, na yeye amekaa pembeni ananitazama.